Siku mbili katika mji wa Hiroshima



Sisi watano mliotutuma Japani kwa mafunzo ya kuhifadhi vyakula tumerudi salama. Mambo ya mafunzo yenyewe, namna ya kukausha mboga, kufunga vyakula na kupiga hesabu ya bei, tutayaeleza katika mikutano ya vikundi. Juma hili tunajibu swali lingine, kwani tangu tushuke kwenye ndege pale Luano hakuna hata mtu mmoja aliyetuuliza habari ya mboga. Wote wanauliza: ni kweli mlifika Hiroshima? Kule watu wanaishi? Na mlikula nini?

Ndiyo, tulifika. Watu wanaishi, tena ni wengi, zaidi ya milioni moja. Na tulikula vizuri sana. Mafunzo yalikuwa Osaka, na yalipomalizika wenyeji wetu walitupa siku mbili za kutembea kabla ya kurudi. Walituuliza tunataka kuona mji gani. Wengine katika kundi, waliotoka nchi nyingine, walichagua maduka ya Osaka. Sisi wa Likasi tulitazamana tu, na jibu likawa moja. Sababu yake mtaiona mbele.

Mji wa mito na tramu

Kutoka Osaka mpaka Hiroshima, treni yao ya mbio hutumia kama saa moja na nusu. Mweka hazina wetu aliweka kikombe cha chai kwenye meza ndogo ya kiti chake ili aone kama kitamwagika. Hakikumwagika.

Tulidhani tutaukuta mji wenye huzuni, wa rangi ya majivu. Tulikuta mji wa maji. Mto Ota unashuka kutoka milimani, na kabla ya kuingia baharini unagawanyika, hata leo mito sita inapita katikati ya mji. Kila baada ya dakika chache unavuka daraja. Pembeni ya maji kuna miti, wazee wanatembeza mbwa, na wanafunzi wanapita kwa baiskeli.

Kule watu wengi husafiri kwa tramu, yaani magari ya umeme yanayopita kwenye reli katikati ya barabara. Mtu huingia, hukaa, na wakati wa kushuka hutia pesa katika kisanduku karibu na dereva. Bei ni zaidi kidogo ya yeni 200, kama dola moja na nusu, hata ukienda mbali ndani ya mji.

Mama aliyetutembeza, ambaye tulikuwa tukizungumza naye kupitia mkalimani, alitusimulia jambo juu ya hizo tramu. Wakati wa vita wanaume walikuwa wamepelekwa jeshini, na madereva wakakosekana. Basi mwaka wa 1943 kampuni ya tramu ilifungua shule ya wasichana. Asubuhi wengine walisoma, wengine walifanya kazi ya kukata tiketi, na baadaye hata kuendesha. Ni wasichana wa miaka 14, 15, 16. Bomu lilipoanguka, tarehe 6 Agosti 1945, wengi wao walikuwa kazini au shuleni, na wengine walikufa. Lakini siku tatu tu baadaye, tarehe 9, tramu ilianza tena kutembea kwenye kipande kifupi cha njia, na miongoni mwa waliokuwa ndani yake wakihudumia watu walikuwamo wasichana hao. Mji ulikuwa bado unatoa moshi.

Tuliposikia hayo, hatukuitazama tena tramu kama kitu cha kupanda tu. Tuliishukuru.

Saa mbili na robo asubuhi

Tulishukia penye jengo ambalo picha yake wengi wenu mmeiona: kuta zilizovunjika na juu yake kuba la vyuma vitupu. Lilijengwa na fundi wa nchi ya Cheki aliyeitwa Jan Letzel, likamalizika mwaka wa 1915, na lilikuwa jumba la kuonyesha bidhaa za viwanda vya mkoa. Bomu lilipasuka hewani karibu juu yake kabisa, kwenye kimo cha kama mita 600, saa mbili na robo asubuhi. Kwa kuwa nguvu ilitoka juu moja kwa moja, kuta nyingine zilibaki zimesimama. Wakaaji wengine walitaka jengo hilo libomolewe, kwa sababu kuliona kila siku kulikuwa maumivu. Wengine walisema libaki. Likabaki, na tangu mwaka wa 1996 limo katika orodha ya urithi wa dunia.

Ng'ambo ya mto kuna bustani kubwa ya amani. Zamani ilikuwa mitaa ya watu, yenye nyumba, maduka na mahekalu. Sasa ni majani mabichi na miti. Katikati kuna kaburi la ukumbusho, na nyuma yake moto uliowashwa mwaka wa 1964, ambao wanasema utazimwa siku ile silaha zote za atomiki zitakapokuwa zimekwisha duniani. Mpaka mwisho wa mwaka wa 1945 peke yake, inakadiriwa kwamba watu kama 140,000 walikuwa wamekufa.

Kuna pia sanamu ya msichana aliyeinua juu ndege wa karatasi. Ni ukumbusho wa watoto, na uliwekwa mwaka wa 1958 kwa sababu ya Sadako Sasaki. Bomu lilimkuta akiwa na miaka miwili, akapona. Alikua, akawa hodari wa kukimbia shuleni, kisha akapata ugonjwa wa kansa ya damu, akafa mwaka wa 1955 akiwa na miaka 12. Hospitalini alikuwa akikunja ndege wa karatasi, kwa sababu kule watu husema anayekunja elfu moja hupewa alichokiomba. Wanafunzi wenzake ndio waliozunguka kuomba mchango wa sanamu hiyo. Watoto, wamama! Leo ndege za karatasi huletwa kutoka kila upande wa dunia.

Kuingia katika jumba la makumbusho ni yeni 200 kwa mtu mzima. Hatutawaeleza kila kitu tulichokiona humo, maana gazeti hili linasomwa na watoto pia. Tutasema kimoja. Ndani ya kioo kuna kisanduku cha chakula cha mwanafunzi, kile ambacho mama humfungia mtoto asubuhi. Mfuniko umepindika, na chakula kilicho ndani kimegeuka makaa. Mtoto alikwenda na wenzake kufanya kazi mjini, hakukifikia kile chakula. Mama yake ndiye aliyekitafuta na kukikuta, pamoja na mwili wa mwanawe. Tulisimama pale muda mrefu. Sote tumewahi kufunga chakula cha mtoto, tukamwambia usichelewe kurudi.

Jiwe lililotoka kwetu

Sasa tuseme kwa nini tulichagua Hiroshima.

Bomu lile lilitengenezwa kwa madini yanayoitwa urani. Na sehemu kubwa ya urani waliyoitumia Wamarekani katika kazi ile ilitoka Kongo, kwenye mgodi wa Shinkolobwe, hapa hapa karibu na sisi. Jiwe la Shinkolobwe liligunduliwa mwaka wa 1915, mwaka ule ule lilipomalizika lile jumba lenye kuba. Kampuni ya Union Minière ililichimba kwanza kwa ajili ya radiamu, dawa ghali ya wakati ule, na urani haikuwa na faida kubwa. Lilikuwa jiwe tajiri kuliko mengine yote yaliyojulikana duniani. Mwaka wa 1940 mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alihofu Wajerumani wasije wakalichukua, akapeleka zaidi ya tani 1,000 kwa meli hadi New York. Likakaa ghalani. Mwaka wa 1942 jeshi la Marekani likalinunua, kisha likaagiza jingine zaidi.

Waliolichimba walikuwa kambo zetu. Walilibeba, walilichambua, wakalitia katika magunia na mapipa, na jina la kazi yake hawakuambiwa. Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Katika nyumba zetu nyingi kuna mzee aliyekuwa na mzee wake kule mgodini, lakini habari ilifichwa tangu mwanzo kwa sababu ya vita, na baadaye hakuna aliyekuja kuisimulia. Shuleni tulifundishwa tarehe ya bomu. Njia ya jiwe hatukufundishwa.

Pale bustanini mama aliyetutembeza alituuliza tumetoka sehemu gani ya Afrika. Ni mama wa miaka zaidi ya 70, aliyezaliwa baada ya bomu, na mama yake mzazi alikuwa mmoja wa waliopona. Tukamwambia: Kongo, jimbo la Haut-Katanga, mji wa Likasi. Kisha mkubwa wetu kwa umri akamweleza habari ya Shinkolobwe, polepole, mkalimani akifuata. Tulikuwa na woga kidogo. Hatukujua atatutazama kwa macho gani.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Na wale waliochimba, waliugua?" Tukamjibu kwamba wako watu kwetu wasemao hivyo, lakini wagonjwa wale hakuna aliyewahesabu. Akainama, kwa namna yao ya heshima, akasema: "Basi na ninyi mna watu wa kukumbuka." Mkubwa wetu akamshika mikono, nasi tukasimama kimya. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha, maana si kambo zetu wala si mama yake waliokata shauri la kutengeneza bomu lile.

Kisha alitupeleka penye jiwe la ukumbusho la Wakorea. Wakorea wengi sana walikuwa Hiroshima wakati ule, wengine wameletwa kufanya kazi kwa lazima, nao walikufa kama wenyeji. Ukumbusho wao uliwekwa mwaka wa 1970, lakini nje ya bustani, ng'ambo ya mto. Uliingizwa ndani mwaka wa 1999 tu, baada ya watu kusema na kusema tena. Hakutufafanulia kwa nini ametuonyesha hilo. Tulielewa wenyewe: habari ya mtu huingia mahali pake wakati wenyewe wanapoisema bila kuchoka.

Sahani ya chuma

Tulikuwa tumetembea tangu asubuhi, na njaa haijui kilio. Jioni tukapelekwa kwenye jengo moja liitwalo Okonomimura. Ndani yake, ghorofa juu ya ghorofa, kuna vibanda zaidi ya 20, na vyote vinapika chakula kimoja: okonomiyaki. Unakaa kwenye stuli mbele ya sahani pana ya chuma chenye moto, mpishi yuko upande wa pili, na chakula kinapikwa chini ya pua yako.

Wamama, tuliangalia kwa makini ili tuwaletee. Kwanza mpishi humwaga uji mwepesi wa unga wa ngano, akautandaza kwa mgongo wa upawa mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi. Juu yake hurundika mashu yaliyokatwa membamba, mlima mzima, hata unajiuliza nani atamaliza. Huongeza chipukizi za maharage, vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe, na uji kidogo wa kushikanisha. Kisha, kwa miiko miwili ya chuma, hugeuza mlima wote kwa mara moja. Hapo mmoja wetu alipiga kelele. Mashu sasa yanaiva kwa mvuke chini ya kile kifuniko cha unga, na mlima unashuka wenyewe. Pembeni hukaangwa tambi, mlima unawekwa juu ya tambi, yai linapasuliwa na kutandazwa, vyote vinawekwa juu ya yai, vinageuzwa tena, na mwisho hupakwa mchuzi mzito mweusi wenye utamu na ukali kidogo. Unakula hapo hapo kwenye chuma, kwa kijiko bapa cha chuma. Bei ni kama yeni 1,000, sawa na dola 7 hivi, na mmoja anashibisha mtu mzima kama bukari.

Nasi tulishiba. Lakini kilichotushika zaidi ni asili yake. Kabla ya vita kulikuwa na chapati nyembamba ya watoto, ya bei rahisi kabisa, iliyouzwa kwenye maduka ya peremende. Baada ya bomu hakukuwa na mchele. Kilichokuwapo ni unga wa ngano wa misaada ya Wamarekani, mashu, na mabati na vyuma vilivyookotwa katika magofu. Wanawake wengi walikuwa wajane, wana watoto wa kulisha. Wakaweka chuma juu ya moto mbele ya nyumba, au katika chumba cha mbele, wakaanza kuuza. Chapati ya watoto ikaongezwa mashu, ikaongezwa tambi na yai, mpaka ikawa chakula cha mtu aliyetoka kazini.

Mpaka leo vibanda vingi huitwa kwa jina la mwanamke na neno "chan" mwishoni, ambalo ni namna ya kumwita mtu wa nyumbani kwa upendo. Wenyeji husema wajane waliandika majina yao juu ya mlango pia ili mume au ndugu aliyepotea vitani, akirudi na kukuta mtaa umekwisha, apate kuona jina na kujua: yuko hapa.

Pale mezani tulianza kuhesabu. Wangapi kati yetu tunalisha nyumba kwa mbabula moja na karai la mafuta? Mandazi ya saa kumi na mbili asubuhi, samaki wa kukaanga jioni, munkoyo wakati wa joto. Tunaviita "biashara ndogo ya kusukuma siku". Wajane wa Hiroshima nao walikuwa wakisukuma siku. Leo kazi yao ndiyo sifa ya mji, na wageni husafiri mbali kuja kuila.

Kisiwa, chaza na mwiko

Siku ya pili ilikuwa ya kupumzisha moyo. Tulichukua tramu mpaka pwani, kisha kivuko cha dakika kumi hadi kisiwa cha Miyajima. Kule kuna hekalu la Itsukushima lililojengwa juu ya nguzo ufukweni, na mbele yake lango jekundu la mbao lenye kimo cha kama mita 16, limesimama ndani ya bahari. Lango la sasa ni la mwaka wa 1875. Maji yakijaa linaonekana kama linaelea. Maji yakipwa unaweza kutembea mpaka miguuni pake. Sisi tulilikuta majini. Swala wanatembea njiani katikati ya watu kama mbuzi wa mtaani kwetu, na wanakula karatasi. Mmoja alimvuta mwenzetu kitenge, akajibiwa kwa Kiswahili, akaacha.

Tulikula chaza, mnyama wa baharini anayekaa ndani ya gamba gumu kama jiwe. Zaidi ya nusu ya chaza wote wa Japani hutoka mkoa wa Hiroshima, maana mito ile huleta chakula chao baharini. Wanachomwa kwenye moto wa makaa mpaka gamba linafunguka lenyewe. Wawili kati yetu walipenda. Watatu walikula kwa heshima ya wenyeji.

Vikeki vidogo vyenye umbo la jani la momiji, vilivyojaa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari, tulivipenda wote. Maharage na sukari! Tulicheka kwanza, kisha tukanunua vya kuwaletea watoto.

Na kitu ambacho kisiwa kile kinajivunia ni mwiko wa wali. Ndiyo, mwiko wa mbao. Wanauchonga huko tangu zamani, na katika njia ya maduka wameweka mmoja wenye urefu wa zaidi ya mita 7. Wamama tulipiga picha chini yake, kila mmoja akiwa ameinua mkono kama anayetaka kusonga bukari.

Hofu iko wapi

Wengi mmetuuliza kama hatukuogopa sumu ya bomu. Tuliuliza swali hilo kule, tukajibiwa vizuri. Bomu lilipasuka juu hewani, na mionzi iliyobaki ardhini ilipungua haraka. Leo Hiroshima haina mionzi kuliko miji mingine. Watu wanalima, wanazaa, wanakunywa maji. Miti iliyoungua mwaka wa 1945 ilichipuka tena, na iko hai hata sasa yenye vibao vya majina yake.

Lakini tulipokuwa tukiandika hayo katika daftari, mkubwa wetu alisema jambo ambalo lilitunyamazisha. Mionzi ya Hiroshima imekwisha, lakini jiwe la Shinkolobwe bado liko mahali pake. Serikali iliufunga mgodi ule mwaka wa 2004, na wote tunajua kwamba vijana walikwenda kuchimba shaba na kobalti pale, kwa mikono, bila kinga. Urani imechanganyika na mawe hayo. Vumbi lake likiingia kifuani hubaki humo, likikaa katika nguo hufika nyumbani, kwa mtoto anayembeba baba shingoni.

Basi tunawasihi, wamama wenzetu, kama mama kwa mama. Usipokee nyumbani gunia la mawe lisilojulikana limetoka wapi. Usiruhusu mtoto acheze na mawe yaliyoletwa. Kijana akitoka kuchimba, nguo zake zifuliwe mbali, peke yake, naye aoge kabla ya kula. Na akisema anakwenda upande wa Shinkolobwe, mzuie kwa nguvu zako zote. Tunajua njaa ndiyo inayompeleka. Ndiyo maana tunasema pia habari ya sahani ya chuma, maana hatuwezi kumwambia kijana "usiende" bila kumwonyesha mahali pengine pa kupata franga.

Tunayoomba kwenu

Kwanza, kila kikundi kitafute wazee walio na habari za Shinkolobwe: nani alifanya kazi kule, alifanya kazi gani, aliishi wapi, aliugua nini. Andikeni katika daftari, au mwiteni mwanafunzi aandike. Gazeti hili litatoa habari hizo moja moja, kwa ruhusa ya jamaa. Tukianza sisi, watoto wetu hawatasubiri kufika Japani ndipo wajue.

Pili, Jumamosi tutapika okonomiyaki kwa namna ya Likasi. Tumekwisha kujaribu nyumbani, na inawezekana. Unga wa ngano kikombe kimoja, maji kikombe kimoja na kidogo, chumvi. Tandaza wembamba kwenye sufuria bapa yenye mafuta kidogo, juu ya mbabula yenye moto wa wastani. Mashu yaliyokatwa membamba, konzi tatu kubwa. Badala ya chipukizi, kitunguu na karoti. Badala ya nguruwe, samaki mkavu au nyama yoyote iliyopo. Tambi za spageti zilizochemshwa, yai moja. Kwa mchuzi, nyanya iliyopikwa ikawa nzito, sukari kidogo, siki kidogo na pilipili. Jambo la muhimu ni kutulia: usibonyeze mashu, yaache yashuke yenyewe kwa mvuke.

Tutapiga hesabu ya gharama pamoja, tuone kama inaweza kuuzwa sokoni kwa faida. Ikikubalika, likilemba ya mwezi ujao tunapendekeza inunue sahani mbili pana za chuma kwa wale wanaoanza, wajane wawe wa kwanza. Na atakayefungua kibanda, aandike jina lake juu ya mlango, kwa herufi kubwa.

Tukutane Jumamosi saa nane mchana mahali petu pa kawaida. Kila mmoja alete shu moja na mwiko wake.